Maswali Yenu kwa Mwalimu: Michango, Mitihani, Ombaomba na Mtani Kaburini

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu nyingi zina hasira, na hasira yenyewe nyingi ni ya pesa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nusu ya watumishi wa Dodoma wangeweza kuiandika.

Mchango wa harusi ni zawadi au ni kodi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na ofisi yetu kutoka Dar es Salaam. Nakaa Ilazo, kazi iko Mtumba. Mshahara haujalala hata usiku mmoja, kadi tatu ziko mezani: sendofu ya binti wa mhasibu, harusi ya dereva, kicheni pati ya mtu ambaye hata sura yake siijui. Nikichelewa, katibu wa kamati anarusha orodha kwenye grupu la WhatsApp, wenzangu wote wana tiki, mimi nimeandikwa "ahadi". Nilimwambia mwenyekiti nitoe laki mbili Januari, anipe risiti, wasinisumbue mpaka Desemba. Akacheka mpaka akashika meza. Nadharia zako za jamii zinasemaje? — Nimechoka, Ilazo

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti alicheka kwa sababu ulitaka kununua kwa jumla kitu kisichouzwa hata kwa rejareja.

Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, alichapisha mwaka 1925 insha ndefu kuhusu zawadi. Alikuwa mpwa wa Émile Durkheim, na mjomba huyo tutakutana naye kwenye barua ya pili. Mauss alikuwa msomaji zaidi kuliko msafiri, akakusanya taarifa za wengine. Zilikuwemo za visiwa vya Trobriand, upande wa Papua Guinea Mpya, ambako watu walivuka bahari kwa mitumbwi kupelekeana mikufu na bangili za kombe, mikufu ikizunguka visiwa upande mmoja, bangili upande mwingine. Zilikuwemo pia za wenyeji wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika, ambako wakubwa wa koo walishindana kugawa mali, na wengine kuiharibu kabisa, kuonesha nani ni nani. Serikali ya Kanada ilizipiga marufuku sherehe hizo mwaka 1885, marufuku ikakaa mpaka 1951. Mauss alijiuliza kitu gani kinamsukuma aliyepewa arudishe, na wala hakuna mahakama ya kumshitaki. Akaona kwamba zawadi inabeba wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Ukigoma mojawapo umetangaza ugomvi, hata kama hukufungua mdomo.

Sasa rudi kwenye risiti yako. Risiti inafunga hesabu. Umelipa, umepewa karatasi, hamdaiani, kwaheri. Mchango hautaki hesabu ifungwe hata siku moja. Pierre Bourdieu, Mfaransa mwingine aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wakabili wa Aljeria, aliongeza jambo ambalo bibi zetu wangelikubali bila kusoma: zawadi ikirudishwa papo hapo, tena kwa thamani ileile, ni tusi. Ni kumwambia mtu sitaki deni lako, na wewe mwenyewe sikutaki. Lazima muda upite katikati. Ndani ya muda huo mnakuwa watu wa kutazamana, wa kuulizana hali, wa kuogopana kidogo. Wewe ulitaka kuuondoa muda huo wote kwa laki mbili.

Jirani yangu hapa Nkuhungu, mama mtu mzima kuliko mimi, ana kaunta buku lenye jalada gumu lililoshikwa na gundi ya karatasi. Ni la michango. Aliniruhusu kulipekua siku moja tukisubiri maji. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa kalamu ya risasi: debe la uwele, kuku mmoja, kanga doti moja, kuni mzigo. Kurasa za karibuni ni namba tupu: 20,000, 50,000, na pembeni "kwa simu". Watu wameandikwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani, baba fulani. Lakini baadhi ya majina yana nyota. Kuna aliyetoa elfu tano ana nyota, kuna aliyetoa laki hana. Nikamwuliza. Akanitazama kama mtu aliyeharibiwa na shule, akasema: "Huyo wa elfu tano alimenya vitunguu hapa mpaka saa saba usiku. Huyo wa laki, simu yake ndiyo ilikuja."

Ukilipa laki mbili zako Januari, mwanangu, utakuwa ni simu iliyokuja.

Unauliza kama ni kodi. Kodi nayo ni ya lazima, lakini mkusanya kodi haji kuosha masufuria msibani kwako. Na hapa lazima niseme habari za nchi hii uliyohamia. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na inakuja msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili. Tena inachagua: Bahi inanyesha, Mvumi wanaitazama kwa mbali. Mgogo mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Wengine aliwaweka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa mjomba, mbali iwezekanavyo. Peter Rigby, aliyeishi Ugogo na kutoa kitabu kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, anaonesha jinsi mahari ilivyokusanywa kwa ndugu wa pande zote na kugawiwa kwa ndugu wa pande zote, hata ndoa moja ikawashika watu wa vijiji kadhaa. Mtu asiyejua angesema hawa watu hawajui kutunza mali yao, wanaitawanya. Kumbe kutawanya ndiko kutunza. Wewe hukuja na ng'ombe kutoka Dar, ulikuja na mshahara, basi unautawanya huo.

Goran Hyden, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1980 kwamba undugu wa namna hii ni uchumi kamili, wenye nguvu ya kuipita serikali na soko. Alikuwa na wasiwasi nao, akiona unachelewesha maendeleo. Mimi simfuati mpaka mwisho wa safari yake. Nimeona watu wanalipiwa hospitali na uchumi huo.

Ila usidhani natetea kila kadi. Kamati inapokaa kupanga bajeti ya ukumbi wenye mapazia ya rangi tatu, keki ya ngazi saba na msafara wa magari unaozunguka mji kwa ving'ora, hapo Mauss anasimama nje, namwita Thorstein Veblen, Mmarekani wa wazazi wa Kinorwei. Mwaka 1899 aliandika juu ya matumizi ya kujionesha: mtu anatumia ili aonekane anaweza kutumia, na wa chini yake anajikamua amfikie. Kadi ya single na kadi ya double ni Veblen mtupu. Tena shindano hilo linaendeshwa kwa mfuko wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Msiba usihesabu, nenda, rambirambi toa unachoweza, kaa kwenye mkeka. Harusi ya dereva wenu changia, maana huyo unamwona kila siku na atakubeba ukiugua. Kicheni pati ya usiyemjua, mwambie katibu mapema na kwa adabu kwamba mwezi huu umebanwa, na usiandikishe ahadi. Watu wanakasirikia ahadi isiyotimia kuliko kukosa ahadi. Na siku moja moja, mwanangu, nenda ukamenye vitunguu.

Wazungu waliokufa wana nini na Kongwa?

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Dodoma. Tumepewa swali: "Linganisha nadharia ya uamilifu na nadharia ya mgongano." Nimekariri yote: Marx kazaliwa Trier 1818, Durkheim kazaliwa 1858, Weber 1864. Lakini moyoni najiuliza, hawa hawakufika Kongwa wala Mpwapwa. Tunawasomea nini? Na Mwafrika yuko wapi? — Mwanafunzi, Makulu

Marahaba. Nianze na Mwafrika kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kwa umri. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafa Kairo 1406. Mwaka 1377, akiwa amejitenga na siasa katika ngome moja ya Aljeria, alimaliza dibaji ya historia yake, Muqaddimah. Humo anauliza kwa nini dola zinainuka na kuanguka, na hasemi ni kwa sababu mfalme huyu mwema yule mbaya. Anasema ni asabiya, ule mshikamano wa watu wanaotegemeana kwenye maisha magumu ya jangwani. Mshikamano huo unawapa nguvu ya kuutwaa mji. Wakishaingia mjini raha inawalegeza, wajukuu hawajui tena babu zao walishikana kwa nini, na kundi jingine linakuja kutoka jangwani. Kama vizazi vitatu vinne hivi, anasema, kazi imekwisha. Hiyo ni karibu miaka mia tano kabla Marx hajatoa Kapital mwaka 1867. Kama mwalimu wenu hakumtaja, mtaje wewe.

Wazungu wako nao usiwatupe. Chukua Durkheim na kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua. Kujiua ni jambo la siri kuliko yote, la mtu na nafsi yake. Lakini Durkheim alipanga takwimu za nchi za Ulaya akaona kiwango cha kila nchi hakiyumbi sana mwaka hadi mwaka, ingawa wanaokufa kila mwaka ni watu wengine. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, wasiooa zaidi kuliko waliooa. Kiwango hicho hakimo kifuani mwa mtu yeyote. Kimo katika jinsi watu walivyofungamana au walivyoachana. Takwimu zake zimekosolewa sana baadaye, na kwa haki. Lakini swali lenyewe, la kutafuta sababu nje ya kifua cha mtu, ndilo somo zima hilo unalokariri.

Kongwa hawakufika, ni kweli. Waliofika Kongwa ni watu wa karanga. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mwaka 1947, na Kongwa ndiko walikoanzia: matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, yaje yang'oe pori na kulima karanga za kuwapa Waingereza mafuta ya kula. Udongo ulikauka ukawa kama saruji. Mvua ikafanya inavyofanya siku zote huku. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 35. Wenyeji waliokuwa wakilima mtama na kuchunga palepale hawakukosa maarifa ya udongo huo, walikosa tu mtu wa kuwauliza.

James Scott, Mmarekani, alitoa kitabu mwaka 1998 kuhusu namna dola inavyoona mambo: inapenda mistari iliyonyooka, watu waliohesabika, ramani inayosomeka kutoka ofisini. Ana sura nzima kuhusu vijiji vya ujamaa vya Tanzania. Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji hivyo, ilikuwa 1970 na 1971, kabla ya ile ya nchi nzima iliyoanza 1973. Mimi nilikuwa mtoto. Tulitoka kwenye tembe letu lililokuwa peke yake kwenye kilima, tukaja kupangwa kwa mstari barabarani. Shule ikawa karibu, ndiyo maana leo naandika safu hii. Shamba likawa mbali, mama akawa anaondoka nyota zikiwaka, na samadi ya zizi jipya haikufika shamba la zamani. Yote mawili ni kweli, na ukiandika moja tu kwenye mtihani nitakunyima alama kama mimi ndiye msahihishaji.

Kuhusu swali lenu la kulinganisha, usichore jedwali. Chagua kitu unachokijua, sema wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Mvuno ukiiva wote siku zilezile na mnunuzi ni mmoja, nani anapanga bei? Marx, mtu wa mgongano, atakaa hapo asiondoke. Halafu uliza kwa nini wakulima haohao, wanaopunjwa wote, wanaazimana vibarua na kuzikana. Hapo Durkheim, mtu wa uamilifu, wa kuuliza kila jambo linaishikiaje jamii pamoja, ataanza kuvuta kiti. Andika kurasa mbili za ugomvi wao, utafaulu.

Kwa nini Wagogo wanapenda kuomba?

Mwalimu, mimi nina duka Kariakoo. Kila siku ombaomba mlangoni, ukiwauliza kwenu wapi, Dodoma. Ni tabia ya kabila au uvivu? — Mfanyabiashara, Dar es Salaam

Hukusalimu, lakini nakujibu.

C. Wright Mills, mtaalamu wa jamii wa Kimarekani, aliandika mwaka 1959 kwamba katika mji wa watu 100,000 mmoja tu akikosa kazi, mchunguze yeye, tabia yake na ujuzi wake. Katika nchi ya wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, kuchunguza tabia ya mmoja mmoja ni kupoteza muda. Una watu wengi kutoka sehemu moja mlangoni kwako, kwa hiyo uko kwenye hali ya pili. Sasa tazama wanakuja lini. Wanaongezeka mwaka mvua ilipokosa na miezi ya kabla ya mavuno, wakati ghala limebaki na vumbi. Uvivu ungekuwa tabia ungekuja mwaka mzima.

Na jambo hili lina historia. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Vita Kuu ilikuwa imepita juu yetu: jeshi la Wajerumani likachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, jeshi la Waingereza likaja likachukua tena. Mvua ikakosa mwaka huohuo ambao akiba haikuwepo na mikono ya kulima haikuwepo. Ukame tuliuzoea, tulikuwa na ng'ombe waliotawanywa kwa marafiki kama nilivyomweleza yule wa Ilazo. Vita ilichukua na wale waliotawanywa.

Jingine dogo. Fundi aliyekupigia rafu za duka na nesi aliyemchoma mwanao sindano hukuwauliza kwao wapi. Unamwuliza anayeomba peke yake, halafu unashangaa majibu yanafanana.

Mtani alilala kaburini

Shikamoo Mama. Mimi ni Mchaga, nimeolewa Ugogo. Tulipomzika baba mkwe, mzee mmoja wa Kinyamwezi aliruka ndani ya kaburi akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa na deni lake la pombe. Alivaa kofia ya marehemu. Watu wakacheka! Nililia kwa uchungu, mume wangu akaniambia ni mtani. Nimeshindwa kusamehe. — Mkwe, Chamwino

Marahaba mwali wetu, na pole kwa msiba.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa marefu juu ya utani wa Tanganyika hakuwa hata mtaalamu wa jamii. Ni Reginald Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara. Miaka ileile ya 1940 Radcliffe-Brown, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa jamii hasa, naye alieleza utani kuwa ni ukosefu wa adabu ulioruhusiwa: watu wawili wana sababu ya kupendana na pia sababu ya kugombana, basi wanapewa ruhusa ya kutukanana na wanakatazwa kukasirika. Kwetu na Wanyamwezi sababu zote mbili ziko wazi. Misafara yao ya pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita Ugogo, nchi kavu, visima vyetu. Watemi wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia wa enzi hizo, kwa kupita na kwa maji. Waligombana, wakahitajiana, wakaoleana njiani.

Radcliffe-Brown ananitosha mpaka hapo, msibani hanitoshi. Kwa sababu huyo mzee hakuja kucheka tu. Nadhani alikuwa wa kwanza kufika, na hukumwona alipokuwa akishika jembe, maana kazi za kaburi watani huzifanya sana. Watoto wa marehemu hawawezi kucheka siku ile, adabu inawabana, na hawawezi kuacha kulia. Mtu wa nje aliye wa ndani anaingia na kufanya kile ambacho wao hawaruhusiwi. Alipovaa kofia, aliigiza kutembea kwa mzee? Aliigiza sauti yake? Waulize wifi zako. Wengi watakuambia kwamba pale ndipo walipomwona baba yao mara ya mwisho akiwa hai.

Kusamehe si lazima, kwa sababu kwa sheria ya utani hakuna kosa. Lakini kulipa ni lazima, na mume wako nadhani alisahau. Siku ya kuondoa matanga mpe huyo mzee kuku, au elfu mbili tatu. Atasema ni kidogo, atakuita Mchaga mwenye mkono wa birika. Mjibu kwamba Wanyamwezi walizoea kubeba mizigo ya watu, pesa zikizidi zitamlemea.